Kioo Chekundu Mbele ya Nguo Nyekundu

Pokhara, 8 Januari 1977

Mume wangu kipenzi, mwanga wa macho yangu,

Leo nimeandika jina lako kwenye bahasha kwa mara ya kwanza, polepole kama mwizi. Mdomoni siwezi kulitamka, mke hatamki jina la mumewe, lakini kalamu haina aibu. Bimba alikuwa ananichungulia begani. Akasema, "Wifi, mbona polepole hivyo, unaliandika au unalichora?" Nikamwambia aende akaangalie mbuzi. Akasema, "Mbuzi wanajiangalia wenyewe, wewe ndiye unayehitaji mchungaji." Huyu dada yako sijui mlimlea vipi.

Unakula huko Kathmandu? Koti unavaa? Bwana Siddhibir wa studio bado anakufokea mbele ya wateja? Mimi nimejaa furaha mpaka naona haya. Kila asubuhi nikipaka ule unga mwekundu wa mwanamke mwenye mume kwenye njia ya nywele zangu, nakumbuka kidole chako siku ya harusi, ulivyotetemeka ukaumwaga mpaka ukanidondokea puani, na shangazi zangu wakanong'onezana kwamba hiyo ni dalili nitapendwa kupita kiasi. Nawaambia shangazi zangu, kutoka hapa nilipo, kwamba hawakukosea.

Ahadi yako naishika. Picha yako ikichaguliwa kwenye maonyesho, lile jarida litakupa kazi, kazi itakupa chumba, na chumba kitanipa wewe. Mama naye hajabadili msimamo. Jana tena amesema, "Mkwe wangu hatakwenda kulala nyuma ya studio ya watu kama gunia la vitunguu. Siku mwanangu atakapopata chumba chenye mlango wake mwenyewe, aje amchukue, sitamzuia."

Basi nitumie ile picha, niione kabla hawajaiona wengine. Unakumbuka? Nimesimama juu ya matuta nyuma ya nyumba, nimevaa sari yangu ya harusi, nyekundu yote, na shanga nyekundu, na bangili nyekundu, nawaka kama moto. Bimba nyuma yako ameuvuta mdomo kama samaki. Wewe unasema, "Usicheke, Indu, usicheke, wingu linakuja." Nikakimeza kicheko mpaka machozi yakanilengalenga. Nataka kuona nilivyotoka.

Wako na wako tena,
Indu


Kathmandu, 16 Januari 1977

Indu wangu,

Barua yako niliisomea chumba cha giza, kwenye ile taa nyekundu, ili Siddhibir asione ninavyotabasamu. Ameona. Amesema, "Bwana harusi, dawa ya kusafishia picha inapoa."

Picha nimeiweka humu. Kabla hujaitazama, nisikilize. Siku ile niliweka kioo chekundu mbele ya lenzi. Kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe, kioo hicho kinalifanya anga la buluu kuwa jeusi, na theluji ya Machhapuchhre inajitokeza kama imechongwa. Nilikuwa nafikiria mlima. Nguo yako sikuifikiria kabisa, nakwambia wewe peke yako. Karatasi ilipoingia kwenye dawa, anga lilitoka kwanza, jeusi kama sufuria. Mlima ukafuata. Mahali pako palibaki patupu nikadhani nimeharibu. Kisha yakatokea macho yako, na nywele, na kivuli kidogo chini ya midomo, na nikaelewa kwamba ule utupu ndio wewe. Kile kioo kimeumeza wekundu wote. Sari imekuwa nyeupe, shanga nyeupe, unga wa kichwani haupo.

Siddhibir aliichukua kwa ncha za vidole. "Khagendra, hili ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kioo chekundu mbele ya nguo nyekundu. Umemvua mkeo harusi yake."

Nikasema, "Lakini bwana, itazame."

"Naitazama. Hata nyumba ikiwaka inapendeza."

Unamjua alivyo. Picha zake hazina kosa, kila unywele unahesabika, watu wanatoka wilaya tatu kuja kukaa kwenye kiti chake kwa sababu uso unaoondoka nao ndio ule ule waliokuja nao. Namheshimu. Lakini sijawahi kuona mtu akisimama mbele ya picha yake akasahau alikokuwa anakwenda. Mbele ya hii yako, mleta maji alisimama mpaka ndoo ikamwagika.

Usimwonyeshe Mama.

Mumeo,
Khagendra


Pokhara, 25 Januari 1977

Mpenzi wangu,

Niliitazama nikiwa nimefunga mlango. Yule si mimi, ni mtu ambaye mimi ningemwogopa kidogo na kumpenda sana. Ndivyo unavyoniona? Niliibusu, nisamehe, nimeiachia alama kwenye pembe.

Niliificha kwenye kikapu cha nguo, chini ya shali. Bimba akaja kuazima shali.

Hakuwa na nia mbaya. Alitoka nayo mbio mpaka uani, Mama anaanika mboga kwenye mkeka. "Mama, Mama, njoo umwone wifi, kageuka theluji." Mama akajifuta mikono, akaishika. Akaitazama nguo yake mwenyewe, ile nyeupe ya ujane, akaitazama picha tena.

"Nani amekufa?"

Nikasema, "Hakuna, Mama. Ni picha tu, ni kamera imefanya hivyo."

"Mimi nyekundu nilivuliwa siku baba yao alipotolewa mlangoni. Nyeupe nikavishwa na wenye msiba. Wewe umevishwa na nani?"

Nikajibu, "Na mwanao, Mama." Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Ilikuwa kweli, ndiyo maana imetoka.

Aliipeleka jikoni akaitia motoni. Kisha akamwita jirani, mama yake Gopal, kwa sababu Mama, akiwa mjane, haruhusiwi kuushika ule unga, akamsimamia anipake upya mbele ya macho yake. "Ongeza," anamwambia. "Ongeza, mama, unaubania nini?" Mpaka nikawa mwekundu hadi utosini, na mama yake Gopal anacheka, na Mama hacheki. Tangu hapo hali chakula vizuri. Kila gari likisimama barabarani anatoka kuangalia kama kuna mtu ameleta habari zako.

Anataka uchome hata filamu yenyewe. Anasema picha ile ikitundikwa ukutani itakuitia kifo. Nifanye nini, mpenzi? Nikikutetea namwona anavyokonda. Nikimtetea yeye, nakuomba uue kitu chako kizuri kuliko vyote, tena mimi ndiye nimo ndani yake. Nimekaa katikati kama mtoto wa watu wanaogombana. Wewe ndiye mwenye akili, niambie.

Wako,
Indu


Kathmandu, 3 Februari 1977

Indu wangu,

Mwambie Mama mwanawe yu hai, anakula wali na dengu mara mbili kwa siku na amenenepa. Mwambie ile picha haipo tena.

Nimeweka nyingine humu. Kumbuka nilikupiga mbili, ya pili bila kile kioo. Siddhibir ameisafisha kwa mkono wake mwenyewe, hakutaka niiguse. Hii mwonyeshe yeyote.

Kazi ni nyingi, maonyesho yanakaribia. Nitaandika kwa urefu baadaye.

Khagendra


Pokhara, 11 Februari 1977

Mume wangu,

Mama amekula. Amekula sahani mbili, na achari juu yake, kisha akamtania Bimba kwamba ana miguu ya bata. Nyumba imerudi kuwa nyumba.

Picha ya Bwana Siddhibir imetundikwa sebuleni. Sari imetoka nzito, kijivu cha kukolea, kila shanga peke yake, na ule unga kichwani unaonekana mstari mweusi ulionyooka. Mama anamwonyesha kila anayekuja kuomba moto. "Huyu ndiye mkwe wangu. Fundi ni yule mzee. Mwanangu bado anajifunza." Nilitaka kukutetea, nikaenda kumimina chai.

Nikwambie ninachokiona mimi? Anga ni jeupe tupu. Mlima umeyeyuka, haupo. Na mimi nimefanana na kila bibi harusi wa Pokhara, mtu angeweza kukata kichwa changu akaweka cha binamu yangu na Mama asigundue mapema. Ni picha safi, haina kosa. Nikipita mbele yake siisimamii.

Ile nyingine, ni kweli haipo? Kama jibu litaniuma usinijibu. Hapana, nijibu. Nililia kidogo kwa ajili yake, nikifua, ili maji yaonekane ni ya kufulia.

Ninakupenda hata kwenye mistari ambayo sijaandika.

Indu


Kathmandu, 22 Februari 1977

Indu, Indu, Indu,

Nimeshinda. Si kuchaguliwa tu, nimeshika nafasi ya kwanza. Waamuzi walisimama mbele ya picha, mmoja wao mzee kabisa akavua miwani. Jarida limeniita siku ya pili yake. Mhariri alinishika mkono akasema, "Mafundi ninao tele. Nataka mtu anayeona." Siddhibir alikuwa amesimama nyuma yangu, amevaa kofia yake ya sikukuu. Naye alikuwa amepeleka picha yake, haikutajwa. Alinipongeza kwa adabu, akaniuliza swali moja, sikumjibu.

Na chumba kipo. Kiko ndani ya ua wa mhariri mwenyewe, ghorofa ya juu, dirisha linatazama mtaa wa wauza shaba. Kina mlango wake na kufuli lake, mwambie Mama. Njoo, mke wangu. Njoo katikati ya Machi baridi ikipungua.

Mumeo, ambaye hata kutembea anaruka,
Khagendra


Pokhara, 28 Februari 1977

Mfalme wangu,

Nilimsomea Mama barua yako uani, nikaruka maneno fulani, na yeye akajua nimeruka. "Soma yote, mimi pia niliolewa." Sikusoma yote.

Amekubali. Akasema, "Nilitoa neno langu. Chumba kina mlango?" Nikasema kina na kufuli. "Basi." Akainuka kwenda kukagua mchele, na tangu hapo hajakaa chini. Tarehe kumi na nne nitapanda basi la asubuhi pamoja na mama yake Gopal, ana dada yake huko. Mama ananifungia samli, mboga kavu, pilipili, na sufuria aliyopewa na mama yake. Bimba amegoma kuzungumza nami, kisha akaja kunilalia mapajani akasema, "Nenda tu, nitapata shali zote." Mwalimu wangu wa sekondari ameniletea kitabu. Mtaa mzima unaniaga, kila nyumba ninakunywa chai mpaka tumbo linacheza.

Jambo moja. Umesema mzee alivua miwani. Hawezi mtu kuvua miwani kwa picha ya Bwana Siddhibir. Ile nyeupe ipo, ndiyo au siyo? Sikukasirikii. Nimefurahi, Mungu anisamehe, nimefurahi kwamba haikuchomwa. Sitamwambia Mama. Niambie tu ilitundikwa wapi, na watu walisema nini juu yangu. Nikifika nitakwenda kusimama karibu yake nimevaa sari ile ile nyekundu, tuone kama kuna atakayenitambua.

Wako, aliyefunga mizigo,
Indu


Kathmandu, 7 Machi 1977

Mke wangu,

Usije.

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara neno hilo ndilo linalotoka, bora likae juu.

Ile picha ipo. Nilikuwa nimeshaipeleka kwenye maonyesho kabla barua yako ya tarehe ishirini na tano Januari haijafika. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya jina la picha. Nilikaa nikiitazama na kuona kile ambacho kila mtu angekiona, mwanamke kijana mwenye nguo nyeupe, kichwa kitupu, machozi yamemlenga, na mlima nyuma yake. Nikaandika "Mjane".

Waamuzi wakaniuliza ni nani. Ningesema ni mke wangu, alikuwa anajizuia kucheka. Ningesema niliweka kioo chekundu mbele ya nguo nyekundu kwa kutojua. Picha ingekuwa ile ile, Indu, kila chembe ya kijivu ingekuwa pale pale, lakini wasingeiona tena. Wangeona kosa la mwanafunzi. Nikasema ni mjane wa kijiji fulani upande wa Pokhara, mumewe alikwenda vitani ugenini hakurudi. Mzee akasema huzuni ile haiwezi kuigizwa.

Jarida limechapisha picha pamoja na maelezo yangu. Mhariri ameitundika sebuleni kwake, kila mgeni anaonyeshwa. Na chumba changu kiko ndani ya ua huo huo, nimeshakwambia. Utapanda ngazi zile na uso ule. Mke wa mhariri ni mtu mwema, alilia mbele ya picha. Juzi alinipa sari mpya, nyeupe, nzuri sana, nimpelekee yule mjane nikienda nyumbani. Iko chini ya kitanda. Sijui niipeleke wapi.

Siddhibir anajua. Swali aliloniuliza siku ile lilikuwa, "Na mkeo akija?" Hajamwambia mtu, na hajaniuliza tena.

Nipe miezi michache. Nitatafuta chumba kwingine, watu watasahau. Nikisema ukweli sasa, kazi haipo, na bila kazi Mama hatakuachia. Nikinyamaza, kazi ipo na wewe huwezi kuja. Nimegeuza kila upande. Mwambie Mama lolote, chumba kimevuja, nina homa, lolote.

Nakuomba usinichukie.

Khagendra


Pokhara, 15 Machi 1977

Mpenzi wangu,

Sikuchukii. Nilijaribu kidogo, nikashindwa, nikarudi kukuwaza kama kawaida.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya safari. Mama alikuwa jikoni anakaanga mikate ya duara ya njiani, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, na Bimba anaiiba moja moja. Niliisomea ghalani. Nikaisoma tena nikidhani nimeruka mstari. Kisha nikasikia Mama ananiita, "We bibi wa Kathmandu, njoo uonje kama chumvi imetosha."

Nilifikiria homa. Lakini ningesema una homa, Mama angepanda basi mwenyewe, ungemwona mlangoni kwa mhariri na nguo yake nyeupe, na ile picha ukutani. Nilifikiria chumba kinavuja. Angesema, "Mwanaume gani anayeshindwa kuziba bati, mpelekee nailoni." Kila uongo wa kukuhusu wewe ulikuwa na mlango wa yeye kupitia. Basi nikasema uongo wa kunihusu mimi.

Nikasema, "Mama, sitaki kwenda."

Akageuka na kijiko mkononi. "Umesema nini?"

"Sitaki kwenda. Nani atakukanda miguu? Bimba ataolewa. Nimekuzoea, Mama. Siwezi kukuacha."

Bimba aliacha kutafuna. Mama alinitazama hivi, nikadhani amenigundua, kwa sababu yeye hadanganyiki. Kisha akakiweka kijiko chini, akanivuta, akanilaza kifuani na mikono yake yenye unga, akalia. Sijawahi kumwona akilia. Akasema, "Mimi nilipoachwa na baba yao, hakuna hata mmoja aliyesema maneno hayo." Mafuta yakaungua, hakuna aliyejali.

Nilikuwa nimepanga miezi michache, kama ulivyosema. Lakini unamjua Mama, furaha hawezi kukaa nayo ndani. Kabla ya jua kuzama ilikuwa imefika kwa mama yake Gopal, na mama yake Gopal alipanda nayo basi. Leo nimekwenda kisimani, wanawake wamenipisha niteke kwanza. Mmoja akamwambia binti yake mbele yangu, "Tazama mkwe wa watu. Alishafunga mizigo kwenda jijini, akaifungua kwa ajili ya mama mkwe." Kuhani amenitaja kwenye ibada. Mwalimu wangu naye amepita, akasema hakutegemea nibaki, lakini ananiheshimu. Kitabu ameniachia.

Ningewaambia nini? Kwamba nakufa kwa kukutamani? Kwamba sufuria ile nilishaiona kwenye meko yetu, na mimi nakupakulia, na dirisha liko wazi, na wauza shaba wanagonga vyuma vyao chini? Nilikuwa nimeshakipanga chumba chote kichwani, mpenzi, hata msumari wa kutundikia koti lako.

Ukipata chumba kingine, nitatokaje? Nitasema nini kisimani? Nitamwambia nini Mama, ambaye sasa anamega chakula chake anaweka upande wangu, na amehamisha kitanda changu chumbani kwake, tukalale wote, nisione upweke? Kila nikifikiria njia, namwona kasimama mlangoni.

Picha yako, sijui kama niiombee mema au mabaya. Ni nzuri. Sijabadili neno langu hilo. Ila ukipita hapo sebuleni kwa mhariri, usimtazame yule mwanamke muda mrefu.

Mama yuko hapa anapepeta mchele, anakusalimu. Anasema usiwe na wasiwasi na mimi, niko nyumbani. Anasema gharama za mjini ni kubwa, nikuandikie uache kutafuta chumba. Amesimama anangoja niandike.

Nimeandika.

Wako,
Indu